Ugomvi wa skrini uko kwenye kuzima

Mzazi akiamua kudhibiti muda wa skrini nyumbani, kitu cha kwanza anachoshika ni saa. Na viwango vipo: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiwekwe mbele ya skrini kabisa kabla ya kutimiza miaka 2, na kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ndiyo bora. Kwa umri huo sina ubishi. Ila kuongea na babu kwa simu ya video ni jambo jingine. Hata madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2016, hawakulizuia kwa watoto wachanga.

Kinachosahauliwa ni kwamba vurugu haziletwi na ile saa nzima. Zinaletwa na dakika zake za mwisho.

Video za siku hizi hazina mahali pa kukomea. Katuni ikiisha, nyingine imeshaanza kabla mtoto hajainua macho, kwa hiyo kila mara mzazi anakatiza kitu kilichokolea. Anza hapo: zima uchezaji wa kiotomatiki. Kwenye programu ya YouTube ya simu, swichi yake iko juu ya video inapocheza. Kwenye Netflix kila wasifu (profile) una mpangilio wake, hivyo ukizima kwenye wasifu wako tu, ule wa mtoto unaendelea kama kawaida. Hapo wengi hudhani wamemaliza kazi. Zile video fupi za kutelezesha kwa kidole mimi nisingeziwekea hata kipimo kwa mtoto mdogo. Ningeziondoa, maana hazina mwisho wa kusubiri.

Baada ya hapo, hesabu vipindi badala ya dakika. "Katuni mbili" mtoto wa miaka minne anazielewa. "Dakika ishirini" hazielewi. Zichagueni pamoja kabla ya kuwasha. Ya mwisho ikikaribia kuisha, kaa pembeni yake, muulize huyo anayekimbia anakwenda wapi, halafu kitufe abonyeze mwenyewe. Kwa mtoto mkubwa anayecheza na wenzake mtandaoni, onyo la "bado dakika tano" halina maana, kwani mchezo wa namna hiyo hausimamishwi katikati na akitoka anaiangusha timu. Mwambie kabla raundi haijaanza: hii ndiyo ya mwisho.

Programu za udhibiti, kama Family Link kwa Android na Screen Time kwa iPhone, zinasaidia, lakini zijue mipaka yake. Umefunga programu ya YouTube? Ataifungua kwenye kivinjari. Nenosiri aliliona ulipokuwa ukiliandika mbele yake. Simu ya shangazi haina kikomo chochote, na runinga ya sebuleni haijui kwamba tableti imeshamaliza muda wake. Isitoshe, kikomo kinachofunga skrini katikati ya kipindi kinazaa kilio kilekile ulichokuwa unakikimbia. Kiweke dakika 10 au 15 juu ya mlichokubaliana, kiwe cha kukinga tu endapo umesahau.

Kama ningeruhusiwa kanuni moja tu, ningechagua ya usiku: vifaa vyote vichajiwe nje ya chumba cha kulala. Mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha wa mchana, na simu chini ya shuka huula usingizi huo kimyakimya. Mwanga wake unauchelewesha, na msisimko wa mchezo pengine unauchelewesha zaidi. Zima saa moja kabla ya kulala. Kisingizio cha "naitumia kuamkia" kinaisha ukinunua saa ya mezani yenye kengele.

Na chaja ziwe mahali pamoja, zikiwamo za wazazi. Kijana wa miaka 13 akiona simu ya baba inapanda kitandani kila usiku, atadai yake nayo ipande, na sijui utamjibu nini. Kazi za shule zinazohitaji intaneti zifanyiwe mezani, skrini ikielekea watu, na zisikatwe kwenye muda wake wa burudani.