Pampu Inasingiziwa

Kuna sentensi moja nikiisikia gereji damu inanichemka: "Hii pampu imekwisha." Yaani pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli zinazoirashia ndani ya injini. Juzi nimeisikia tena. Mzee wa watu kaleta pikapu yake ya dizeli, ya miaka mingi, ina turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada, analalamika kwamba gari halipandi tena mlima kama zamani. Fundi hakufungua boneti. Hakuuliza moshi una rangi gani, hakuuliza tatizo limeanza lini, hakuwasha hata injini. Alijifuta mikono, akatikisa kichwa, akatoa hukumu. Mzee akaanza kuhesabu vidoleni atamkopa nani.

Huo si ufundi, ni kupiga ramli. Na ajabu ya ramli hii, kila siku inaangukia kwenye kifaa cha bei mbaya kuliko vyote. Sijawahi kusikia mtu anaambiwa bila kupimwa kwamba gari lake limekosa nguvu kwa sababu ya kifuniko cha tangi. Lakini pampu? Pampu inatajwa kabla salamu hazijaisha.

Injini ya dizeli ya zamani haina siri nyingi. Rudolf Diesel alipewa hataza yake Ujerumani mwaka 1893, na mwaka 1897 injini yake ikapimwa kule Augsburg ikafanya kazi. Mpaka leo mahitaji ni yale yale: hewa ya kutosha, mafuta ya kutosha, mbano wa kuipasha ile hewa mpaka mafuta yawake yenyewe, na mafuta yaingie kwa wakati wake. Nguvu ikipungua, kimoja kati ya hivyo kimepungua. Kazi ya fundi ni kujua kipi, na gari lenyewe linamwambia kupitia ekzosi, bure.

Chukua moshi mweusi. Gari halivuti, nyuma linatoa wingu jeusi, fundi anasema pampu imekufa. Hebu tufikiri kidogo. Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakupata hewa ya kuungua nayo. Pampu iliyokufa imeyatoa wapi mafuta yote hayo? Mahali pa kuanzia ni upande wa hewa. Injini ya lita 2.5 isiyo na turbo, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inavuta karibu lita 3,750 za hewa kila dakika. Sasa ipitishe hiyo hewa kwenye filta iliyojaa vumbi hadi inafanana na kipande cha zulia. Kama kuna turbo, pitisha mkono chini ya ile mipira minene inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye injini. Mara nyingi ufa uko upande wa chini usiouona, gari likiwa sailensa, yaani linawaka bila kukanyagwa mafuta, unajifunga, ukikanyaga mafuta unafunguka na hewa yote inatoroka. Ukikuta sehemu imelowa oili na vumbi limeganda pale, umeshapata pa kutazama. Na kuna ile valvu inayorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini. Ikikwama wazi kwa masizi, injini inavuta moshi wake yenyewe. Haya, nakubali kwa shingo upande, nozeli inayochuruzika badala ya kurashia nayo inatoa moshi mweusi. Lakini filta ya hewa inatolewa kwa dakika moja, nozeli hazitoki kwa dakika moja. Tunaanza na ipi?

Moshi mweupe wakati injini imeshapata moto, tazama taimingi, yaani wakati wa mafuta kuingia, na mbano. Wa bluu ni oili. Hayo hayahitaji insha.

Ninapotaka kukaa ni pale ambapo hakuna moshi kabisa. Gari safi, sauti nzuri, linawaka vizuri, ila ukifika mlimani linachoka. Hapa ndipo pampu inaposingiziwa zaidi, na hapa ndipo uvivu unapoonekana waziwazi.

Kwenye magari mengi ya dizeli ya zamani hakuna pampu ndani ya tangi. Pampu ya nozeli yenyewe ndiyo inayovuta mafuta, kutoka nyuma kabisa, kupitia bomba refu la chuma, vipande vya mpira, filta, pampu ndogo ya mkono ya kutolea hewa, halafu mpira mwingine tena. Njia yote hiyo mafuta hayasukumwi, yanavutwa. Maana yake ni kwamba palipo na ufa, mafuta hayadondoki nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Ni mrija wa soda uliotoboka juu: unavuta mpaka mashavu yanaingia, unapata mapovu. Sasa fundi wetu anapita na tochi kutafuta palipolowa, anakuta pakavu kote, anatangaza kwamba njia ya mafuta ni nzima na kwa hiyo mgonjwa ni pampu. Pakavu! Ulitegemea palowe vipi?

Kipimo chake ni cha aibu kwa urahisi. Tafuta kipande cha mpira mwangavu, ule wa plastiki unaoona ndani, unaohimili dizeli, ukiweke kati ya filta na pampu. Washa, acha injini ipate moto, kisha mtu akanyage mafuta huku wewe unaangalia. Kiputo kimoja kimoja mwanzoni baada ya kufungua mabomba si neno, hiyo ni hewa uliyoiingiza mwenyewe. Lakini ukiona mapovu yanapita mfululizo, au povu jeupe resi ikipanda, acha kuitazama pampu. Rudi nyuma kiungo kwa kiungo: klipu zilizolegea, mpira uliokauka ukapasuka kama ngozi ya kisigino, pete ya mpira kwenye pampu ya mkono juu ya filta. Hiyo pete ya pampu ya mkono ni msumbufu mkubwa, na ni kitu kidogo mno hata aibu kukitaja mbele ya wakubwa wanaozungumza habari za ovaholi.

Ukiona mafuta yanapita safi bila povu lakini gari bado halivuti, fanya la pili. Chukua dumu safi, tia dizeli safi iliyochujwa, lifunge imara karibu na injini, mbali na ekzosi na feni. Chomoa mpira unaotoka tangini, ingiza mwingine ndani ya dumu, na mpira wa kurudisha mafuta nao uelekeze humo humo dumuni. Toa hewa, washa, lipeleke mlimani taratibu. Likipanda kama kijana, pampu yako imeshinda kesi. Shida iko kati ya tangi na pale ulipochomoa: chujio la tangini limeziba kwa matope, bomba limebonyea, au mpira umeachana matabaka kwa ndani ukawa unajikunja na kujifunga unapovutwa. Huo wa mwisho ni mwovu. Kwa nje unauona mnene, mzima, unang'aa. Mpaka uupasue kwa kisu.

Tangi nalo lina ujanja wake. Mjomba wangu alikuwa na gari linalokwenda vizuri nusu saa, halafu linaanza kupoteza nguvu, linakaribia kuzima. Akisimama kando ya barabara akanywa maji, akiondoka liko sawa. Wakamwambia pampu inachoka ikipata joto. Maelezo mazuri, yana hata harufu ya sayansi. Siku moja alifungua kifuniko cha tangi palepale lilipomchokea, hewa ikaingia kwa mlio mrefu, fyuuu. Kifuniko cha zamani kilipotea, kikawekwa cha gari jingine kisicho na njia ya kupumua, na ile njia nyingine ya hewa ya tangi ilikuwa imezibwa na udongo. Mafuta yanapungua, hewa haiingii mahali pake, pampu inavuta dhidi ya tangi lililojifunga. Ndiyo nikasema, sijasikia fundi akikitaja kifuniko.

Filta ya dizeli sitaijadili. Mtu aliyefungua pampu bila kubadilisha filta arudishe fedha za watu.

Kuna kijipu kingine kwenye pampu za magari yenye turbo, kile kikombe juu yake chenye mpira mwembamba kinachounganishwa na njia ya hewa ya turbo. Ndani mna kiwambo. Shinikizo la turbo likipanda, kiwambo kinashuka na pampu inaruhusiwa kutoa mafuta zaidi. Ule mpira mwembamba ukitoboka, au kiwambo kikichanika, pampu haijui kwamba turbo inafanya kazi. Inaendelea kutoa mafuta ya injini isiyo na turbo. Hakuna moshi, hakuna nguvu, hakuna taa ya kuwaka popote. Kimpira cha urefu wa kiganja kinamfanya mtu auziwe mbuzi kwenye gunia, yaani pampu "iliyofufuliwa" isiyojulikana imetoka wapi.

Na kabla ya yote hayo, kabla ya spana kugusa chochote: mtu mmoja akae ndani, injini ikiwa imezimwa, akanyage pedeli ya mafuta mpaka chini. Mwingine aangalie mkono wa pampu. Unafika kwenye skrubu ya kikomo, au unaishia njiani? Kebo zinalegea, mazulia yanakaa chini ya pedeli. Nimeona gari lililokuwa linalaumiwa kila sehemu ilhali halijawahi kupewa mafuta yote.

Sasa lililonikera kuliko yote. Yule fundi wa juzi, mzee aliposema hana uwezo wa pampu mpya, alimpa njia ya mkato: "Basi tukuongezee mafuta kidogo." Yaani azungushe ile skrubu ya kiwango cha mafuta nyuma ya pampu. Kiwandani skrubu hiyo hupangwa pampu ikiwa juu ya mashine ya kupimia, kisha hufungwa kwa lakiri au waya ili watu kama yeye wasiiguse. Ukiizungusha bila kujua ugonjwa, gari litapata nguvu kidogo, kweli, na mteja atatoka anacheka. Kama tatizo lilikuwa hewa, umeongeza mafuta pale ambapo hewa haitoshi. Moshi unakuwa mweusi zaidi, joto la ekzosi linapanda, na linalofuata ni turbo, silinda hedi na pistoni. Halafu mzee anarudi baada ya muda, injini imekufa, anaambiwa "si nilikuambia pampu?" Mtu anayefanya hivi anajua anachofanya, au hajui? Sijui lipi ni baya zaidi.

Wenye dizeli za kompyuta, nanyi msicheke. Kwenu ramli inapigwa kwa mashine. Inachomekwa, inaandika kwamba shinikizo la turbo liko chini, na turbo inaagizwa kabla skrini haijazimika. Kilichoandikwa kinasema kilichoonekana, hakisemi kwa nini. Shinikizo liko chini kwa sababu ya mpira uliopasuka, kimpira cha vakyumu kilichochomoka, au mabawa ya turbo yaliyokwama kwa masizi. Au sensa ya hewa imechoka, inaidanganya kompyuta kwamba hewa ni kidogo, na kompyuta kwa adabu zake inapunguza mafuta. Kwenye magari mengi ya aina hiyo ukichomoa waya wa sensa na gari likapata nguvu, umeshapata mshukiwa.

Nguvu hupotelea na kwingine pia. Breki zinazobana, gusa rimu ukishatoka safari. Klachi inayoteleza, resi inapanda na mwendo haupandi. Ekzosi iliyoziba, legeza bomba mbele ya pale panaposhukiwa usikie tofauti. Tatizo limeanza siku ile ile mkanda wa taimingi ulipobadilishwa? Basi unajua pa kurudi, na kwa nani. Na kama ni injini isiyo na turbo na umeipeleka mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu yake kwa sababu hewa ya kule ni nyepesi. Haina ugonjwa wowote.

Haya, pampu hufa. Sikatai. Zikichakaa ndani zina dalili zake: injini baridi inawaka vizuri, ikipata moto ukizima haitaki kuwaka tena, na ukifunika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji ya baridi ukasubiri, inawaka. Ile dalili nakubali bila ubishi mrefu. Au dumu limeshindwa, mpira mwangavu hauna povu, mkono unafika mwisho, kimpira cha turbo ni kizima. Hapo ipelekwe kwenye mashine ya kupimia pampu, na uombe vipimo vilivyoandikwa, vya kabla na vya baada.

Ila kabla ya kuishusha, pima kompresheni, yaani ule mbano, kwa kipimo cha dizeli. Cha petroli hakifai. Injini ya petroli inaishia psi (kizio cha shinikizo) 150 hadi 200 hivi, nyingi za dizeli za zamani zilizo nzima zinafika 400 na zaidi, na kipimo cha petroli kinaweza kukupasukia mkononi. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, mazungumzo ya pampu yameisha, tunazungumza habari za valvu, ringi na gasketi. Mzee wa pikapu nimemwandikia mpangilio huu kwenye karatasi, nikamwambia aanze na pedeli. Fundi alinitazama vibaya sana.