Ung'eng'e si hoja

Nyumbani, mtu akishusha ung'eng'e dakika mbili bila kukwama, nusu ya ukumbi imeshamkubali hata kabla hajasema la maana. Huku Uingereza mtaji huo haupo. Kiingereza anacho kila mtu, hadi mlevi wa kituo cha basi, kwa hiyo msemaji hupimwa kwa anachokifanya nacho. Mwenye kutaka kuona afungulie televisheni Jumatano saa 6 kamili mchana, Bunge likiwa kazini: maswali kwa Waziri Mkuu.

Ni nusu saa tu. Hadi 1997 ilikuwa robo saa mara mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi. Tony Blair ndiye aliyeunganisha. Wabunge wa kawaida hupigiwa kura ya bahati, yanatoka majina 15, na wasiobahatika husimama kila jibu linapoisha wakitafuta jicho la Spika. Kwenye karatasi, swali huwa lile lile la kuuliza Waziri Mkuu ana ratiba gani siku hiyo. Swali lenyewe huja kama la nyongeza, naye hajaliona.

Kiongozi wa upinzani ana maswali 6, na ufundi uko hapo. Mjuzi hayatawanyi. La kwanza huwa fupi, la ndiyo au hapana: je, ahadi fulani bado ipo? Waziri Mkuu akijibu ndiyo, la pili linakuja na takwimu inayoipinga. Akikwepa, kule kukwepa ndiko kunageuzwa mada ya maswali yaliyobaki. Kosa baya kuliko yote ni kufunga maswali mawili katika pumzi moja, maana anayejibu huchagua jepesi, akalizungusha mpaka makelele ya wenzake yakamfunika, akakaa. Utangulizi mrefu nao humpa pa kutokea: atajibu utangulizi, swali aliache.

Halafu kuna adabu. Humwambii mwenzako "wewe". Anayesemeshwa ni Spika. Wa chama chako ni "mheshimiwa rafiki yangu", wa upande wa pili rafiki huyo anadondoka, anabaki mheshimiwa. Kumwita mwenzako mwongo ni marufuku: Julai 2021 mbunge Dawn Butler aliamriwa kutoka nje kwa kusema Waziri Mkuu wa wakati huo, Boris Johnson, amelidanganya Bunge na nchi, akakataa kufuta kauli. Basi watu wamejifunza kuchoma kwa upole, na ukisikia "kwa heshima zote", jua kisu kimeshachomolewa. Mtu wa pwani hahitaji darasa la mambo haya. Ni mpasho, umekosa taarabu tu.

Dodoma nako kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, siku ya Alhamisi. Tofauti ninayoiona mimi ni matumizi ya dakika, hasa wabunge wanapochangia mjadala. Mchangiaji wetu anamshukuru Mungu, anampongeza Rais, anamsifu Spika, anawasalimu wapiga kura. Kengele ya kwanza inalia barabara ya jimbo haijatajwa, ya pili inamkuta anaunga mkono hoja. Salamu ni adabu, sikatai, ila dakika hairudi. Kinachonikera zaidi ni Kiingereza kinachochomekwa pale pale hoja inapolegea, "hii ishu ni siriasi sana Mheshimiwa Spika", wakati Kiswahili alichokianza kinaeleweka hadi kwa bibi mwenye redio yake Songea.

Kwa tunaoishi huku hili si la kutazama tu. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza anaweza kujiandikisha na kupiga kura, hata ya ubunge, kwa kuwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo hawamo, mpaka wapate uraia. Kabla ya uchaguzi wagombea wa jimbo hukutanishwa, mara nyingi katika ukumbi wa kanisa au shule, na watu huwauliza.

Kipaza sauti kikikufikia, taja jina na mtaa wako, toa jambo moja lenye tarehe au namba, uliza, kaa. Sekunde 30 zinatosha. Usiombe radhi kwa lafudhi. Ukiomba, ukumbi mzima utaanza kusikiliza lafudhi. Swali liandike kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, na ukikuta umeandika "na pia", kata kuanzia hapo.