Programu Huria za Muziki na Hofu ya Kutelekezwa

Wanaozikosoa programu huria za kucheza na kupanga muziki, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, huirudia hoja moja kuliko zote, kwamba hutelekezwa, na ushahidi wanao. Clementine, mojawapo ya programu hizo, iliyopendwa na wenye maktaba kubwa za nyimbo, ilitoa toleo thabiti la 1.3.1 mwaka 2016, kisha watumiaji wakasubiri kwa miaka. Msikilizaji asiyejali faili zake ziko wapi hana sababu ya kuvumilia hayo, maana huduma ya kulipia mtandaoni humfungulia nyimbo popote bila kusanidi chochote.

Hata hivyo, naona kutelekezwa huko kunaeleweka vibaya. Clementine yenyewe ilizaliwa baada ya Amarok, programu huria nyingine ya muziki, kuandikwa upya katika toleo la 2 kwa namna ambayo wapenzi wengi wa Amarok 1.4 hawakuridhika nayo. Kwa kuwa leseni iliruhusu, wasanidi wengine waliuchukua msimbo wa toleo la zamani wakauendeleza. Clementine ilipozubaa, ikachipuka Strawberry kutoka kwenye msimbo wake. Programu iliyofungwa haiachi mrithi ikiwa mmiliki wake hataki, na hata kuonyesha msimbo hakutoshi: mwaka 2024 msimbo wa Winamp, kichezaji cha muziki kilichofungwa, uliwekwa hadharani chini ya leseni iliyokataza kusambaza matoleo yaliyobadilishwa, ukaondolewa baada ya wiki chache tu.

Lakini kinachostahili kulindwa kuliko programu ni jasho la msikilizaji. Lebo za ID3v1, yaani taarifa za wimbo zilizoandikwa ndani ya faili la MP3, zilitenga herufi 30 kwa jina la wimbo na 30 kwa msanii, hivyo majina marefu yakakatwa katikati, na wapo waliotumia jioni nyingi kuyarekebisha faili moja baada ya nyingine. Leo programu huria ya MusicBrainz Picard huitambua rekodi kwa alama ya sauti yenyewe, hata kama faili haina jina la maana, kisha huandika msanii, albamu na mwaka ndani ya faili hiyo, mahali ambapo kichezaji chochote kitayasoma. Hifadhi ya taarifa za muziki ya MusicBrainz, ambayo Picard huitegemea, ilianzishwa baada ya CDDB, hifadhi ya taarifa za diski za CD iliyojazwa na watu wa kujitolea waliochapa taarifa za diski zao, kugeuzwa biashara yenye masharti. Waliochapa hawakuwa na la kufanya. Ndiyo maana data ya msingi ya MusicBrainz imeachiwa umma, ili kazi ya wengi isije ikafungiwa tena na mmoja.

Programu huria nazo zina doa lao hapa, nalo si dogo. Nyota ambazo msikilizaji amezipa nyimbo, pamoja na idadi ya mara alizozisikiliza, mara nyingi hukaa katika hifadhidata ya programu badala ya faili, na akihamia programu nyingine huenda zikabaki nyuma. Hifadhidata hiyo kwa kawaida ni ya SQLite, mfumo huria wa kuhifadhi data katika faili moja, hivyo mjuzi anaweza kuifungua na kuzitoa, jambo ambalo si kila msikilizaji analiweza. Clementine na Strawberry zina chaguo la kuandika nyota ndani ya faili, na ni heri liwashwe kabla ya wimbo wa kwanza kupewa nyota.