Tunaogopa Mashine Isiyo Yenyewe

Kila habari ya akili mnemba lazima ipambwe na roboti lenye macho mekundu. Habari yenyewe inahusu programu ya kuchambua maombi ya mikopo. Picha ni dude la chuma linalotaka kufuta kizazi cha Adamu. Nimechoka.

Tangu filamu ya The Terminator ya 1984 tunalishwa hofu ileile: siku moja mashine itazinduka, itatuchukia, itatupiga vita. Hofu tamu hiyo, maana inakuja na shujaa na muziki. Kumbe mashine haihitaji kukuchukia ndipo ikuangamize. Waulizeni waliokuwa wakiendesha matawi ya posta Uingereza. Mfumo wa hesabu wa Horizon ulianza kusambazwa 1999, ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambazo hazikupotea popote. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Kuna waliofungwa, kuna waliofilisika, wapo waliojiua. Mfumo wenyewe haukuwa na macho wala sauti, na akili ya kuku iliuzidi. Ila ulikuwa na wakubwa walioapa kwamba haukosei, na mahakama za huko zilianza kwa kuchukulia kwamba kompyuta iko sawa hadi ithibitishwe vinginevyo. Uthibitishe vipi, wewe muuza stempu? Sinema zetu hazina nafasi ya kitu kama hicho. Humo kompyuta ni malaika au shetani, si takataka iliyoandikwa kwa pupa ikakosea kujumlisha.



Haya, nikiri kwa shingo upande: mwaka 1983 Rais Reagan wa Marekani alitazama WarGames, filamu ya kijana anayepenya kompyuta ya jeshi kwa simu, akawauliza majenerali wake kama kweli mtu anaweza kupenya kompyuta nyeti za taifa. Jibu lilikuwa baya kuliko filamu, na mwaka uliofuata akasaini agizo la kuzilinda. Lakini ona kilichomshtua: kijana mtundu na laini ya simu. Si roboti.

Hata Waingereza walishtushwa hasa na tamthilia ya televisheni, Januari 2024, kuhusu watu wale wa posta. Ushahidi ulikuwepo miaka nenda rudi. Ilipofika Mei, Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu kwa mkupuo. Kwa hiyo waongozaji, msiniambie karani na safu ya tarakimu havivutii watazamaji!