DB mpya ndani ya boksi la zamani, mimi hapo nakataa

Juzi kati niliitwa Area C kwenye nyumba ya miaka mingi, ya enzi za CDA, ile mamlaka ya zamani ya kuendeleza mji wa Dodoma. Mzee mwenye nyumba anasema kila wakiwasha hita ya kuogea kuna harufu ya plastiki inaungua pale koridoni, alafu baada ya robo saa inapotea. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, na kabla sijaweka hata begi chini akanipa sharti, "ukuta wangu usiuguse, nimepiga rangi juzi tu".

Nikazima mein swichi, nikapima kuhakikisha hakuna umeme, nikafungua kava. Nilichokiona ndo kimenifanya niandike hapa.

Kuna fundi alipita kabla yangu, akatoa matumbo yote ya lile DB la zamani, yaani boksi la kugawa umeme wa nyumba, zile fyuzi za kusuka waya, akabakiza boksi la bati ukutani na humo akapachika reli mpya (kile kipande cha chuma cha kushikia breka) na breka mpya. Reli kaishika na skrubu mbili za jipsam, na kwa sababu mgongo wa boksi haujanyooka na reli nayo imekaa upande, breka moja iko mbele nyingine iko nyuma, bas kile kitana cha shaba kinachogawa umeme kimeingia vizuri kwenye breka nne na kwenye ya tano, ambayo ndo ya hita, jino limegusa kwa ncha tu. Jino lenyewe limekuwa jeusi, plastiki ya breka pembeni imelainika mpaka imeshuka kama mshumaa. Kava la zamani halikulingana na breka kwa hiyo kalichana na grainda, likabaki pengo ambalo kidole cha mtoto kinaingia mpaka kwenye laivu, yaani penye umeme, bila shida yoyote. Juu kuna tundu la konduti (bomba la kupitishia waya) isiyotumika, halijazibwa, na nyie mnajua vumbi letu la Dodoma upepo ukianza, humo ndani lilikuwa limejaa, na mjusi amekaukia katikati ya waya za nyutro, zile za kurudishia umeme.

Breka zenyewe zilikuwa nzuri kabisa, za kampuni inayojulikana, na mzee alilipa hela ya maana. Ndo maana inaniuma.

Wateja wengi wanaona boksi ni kopo tu la kuficha waya. Sio hivyo. DB inapimwa ikiwa kitu kimoja, yaani boksi, reli, basbaa (kile kitana cha shaba), breka na kava vyote pamoja, wanaangalia joto linatoka vipi, shoti ikipiga bati linahimili vipi, kidole kinafika wapi. Kwenye viwango vya kimataifa vya umeme, IEC 61439, jambo hili liko wazi, ukichanganya boksi la huyu na matumbo ya yule bila mtengenezaji kuruhusu, wewe uliyefunga ndo unahesabika mtengenezaji na mzigo wa kuthibitisha kwamba ni salama unakuwa wako. Sasa fundi gani hapa mjini, mimi nikiwemo, ana maabara ya kupiga shoti ya ampea 6,000 kwenye boksi la bati lenye kutu?

Kuna mdau atasema mbona Marekani wanafanya. Ni kweli wanafanya, ila kule viwanda vinatengeneza matumbo makusudi kwa ajili ya makabati ya zamani, hasa kwenye majengo makubwa ambako konduti nene zimeshazama kwenye zege na kung'oa kabati ni balaa. Yanakuja na kava lake, vipimo vyake na karatasi ya maelekezo, na kanuni yao ya umeme, NEC, kwenye kifungu 110.3(B) inamtaka fundi afuate hayo maelekezo. Ukiniletea kitu cha namna hiyo kinachotaja boksi lako, nafunga hata leo.

Alafu kuna suala la ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ambalo kwa huku kwetu ndo kubwa kuliko yote. Ardhi ya Dodoma mwezi wa tisa ni kavu kama tofali, ethi rodi, ile nondo ya ethi, unaipigilia na mita bado inakupa oms nyingi. Breka ya ampea 20 ya aina B inaweza kuhitaji mpaka ampea 100 ndo ikate papo hapo, na kwa volti 230 maana yake njia nzima ya ethi isizidi oms 2.3, kitu ambacho kwa rodi moja kwenye udongo wetu usikitegemee. Hita ikivuja umeme kwenye bati lake, breka inakaa kimya na mtu yuko bafuni. Kinachomwokoa ni RCD ya miliampea 30, swichi inayokata umeme ukivuja, hiyo inakata hata ethi ikiwa dhaifu. Sasa RCD peke yake inakula nafasi ya breka mbili, na lile boksi la mzee lilikuwa dogo, nafasi ya RCD hakuna, kwa hiyo jamaa akaiacha! Yaani ili kuokoa rangi ya ukuta kile kitu cha muhimu kuliko vyote ndo kikabaki dukani.

Na rangi za waya nazo angalieni. Nyumba hii vyumba vya mbele vina rangi za zamani, nyekundu laivu na nyeusi nyutro, vyumba vilivyoongezwa nyuma ni kahawia na bluu. Ukikutana na fezi tatu ndo hatari zaidi, maana nyeusi ya zamani ni nyutro na nyeusi ya sasa ni fezi. Pima kila waya, weka alama, usiamini macho.

Nilimweleza mzee haya yote, nikamwonyesha lile jino jeusi akalishika mwenyewe mkononi. Akakaa kimya kidogo akasema haya vunja. Tulichimba plasta kama shubiri moja kila upande, tukaweka DB kamili yenye kava lake, RCD ndani, matundu yote yamezibwa, bati limefungwa ethi, waya zilizokuwa fupi tukazivuta upya badala ya kuunga unga. Upande wa mita ya LUKU hatukugusa, sili ni za TANESCO. Siku mbili na plasta imo, rangi tu ndo haijafanana. Mama mwenye nyumba nimemwonyesha kitufe cha kutesti RCD, akibonyeza lazima ikate, na ameandika kwenye kalenda ya jikoni kila baada ya miezi sita.