Mabati ya Jirani

Katika vijiji vya Rarieda, kule Siaya karibu na Ziwa Viktoria, bati jipya huhitaji kulitafuta ili ulione. Jua la saa sita likilipiga, linakuchoma macho ungali barabarani. Kati ya 2011 na 2013 mabati ya namna hiyo yaliongezeka ghafla, maana shirika la GiveDirectly lilikuwa likiwatumia watu pesa kwa M-Pesa, bila masharti. Kigezo kilikuwa paa: ukilala chini ya nyasi, unafaa. Lakini kati ya hao waliofaa, bahati nasibu ndiyo iliyochagua nani apate na nani abaki vilevile.

Mwaka 2015 watafiti Johannes Haushofer, James Reisinger na Jeremy Shapiro waliandika walichokikuta huko. Pesa zilimridhisha aliyezipata. Hilo halimshangazi mtu. Ila wale waliokosa, ambao hawakunyang'anywa hata shilingi, waliyaona maisha yao yameshuka thamani. Tena uchungu wa pesa za majirani uliizidi nguvu raha ya mtu kupata zake.

Jibu la haraka tunalo: kijicho. Mimi silikubali jibu hilo, nalo tunalipenda kwa sababu linamziba mdomo aliyekosa. Ukimuuliza mtu kama ameridhika na maisha yake, umemwomba ayapime. Atayapima kwa nini kama si kwa yule anayechota naye maji kisima kimoja? Tajiri wa Muthaiga, mtaa wa wenye nazo kule Nairobi, hamnyimi mtu wa Rarieda usingizi. Mtu wa Rarieda hajui hata tajiri huyo anakula nini. Watafiti hao walipokokotoa pengo la mali ndani ya kijiji kwa kipimo cha Gini, hawakuona kwamba lenyewe linashusha kuridhika. Gini haionekani kwa macho. Bati linaonekana, na mvua ikinyesha linasikika.

Niliwahi kufanya kazi katika ofisi moja mjini, kwa mshahara niliousifia hadi kwa mama. Asubuhi moja nikakuta kwenye mashine ya kuchapishia hati ya mshahara ya mwenzangu. Tuliajiriwa wiki moja, kazi ileile. (Ndiyo, niliisoma. Nawe ungeisoma.) Alinizidi elfu kumi na mbili. Mshahara wangu haukupungua senti, lakini miezi kadhaa chai ya saa nne sikuionja utamu, na kazi niliyokuwa nikiifanya kwa moyo nikaanza kuifanya kwa saa. Nilipouliza, nikaambiwa niangalie mambo yangu. Wangeniambia kijana yule ana cheti nisichokuwa nacho, ningenuna siku mbili yakaisha. Elfu kumi na mbili isiyo na maelezo ndiyo iliyonikalia kooni, maana ukikosa sababu unaanza kuitafuta ndani yako: nimekosa nini mimi?

Ndiyo maana sipendi wakubwa wanaotuhimiza turidhike na tulichonacho huku wakificha jinsi walivyogawa.

Huko Rarieda uchungu ulipungua kadiri muda ulivyosonga. Na utafiti mwingine mkubwa uliofanywa Siaya, uliochapishwa 2022, ulionyesha kwamba pesa za namna hiyo hazikai kwa aliyetumiwa: hupita dukani, hupita kwa fundi, na hata wasiopewa wakajikuta wana zaidi ya kutumia. Wachumi wamefurahi, na wana haki.

Mimi namfikiria huyo fundi. Tuseme naye alikuwa na paa la nyasi, bahati nasibu ikamruka, kisha jirani akamwita aje amwezekee. Amelipwa vizuri, bila hata kubishana bei. Jioni anarudi kwake na nyundo mkononi, anainama kupita chini ya ukingo wa nyasi, na mlangoni kuna kijana wa hojaji anamsubiri, amuulize ameridhika na maisha kwa kiasi gani.