Kiwelisi cha Gwynedd na mgeni wetu wa Marangu

Ndugu zangu wa Moshi huniuliza kwa nini ninahangaika na Kiwelisi, ilhali Kiingereza kinanitosha katika kila ofisi ya Uingereza. Gwynedd, kaunti ya mashamba ya kondoo kaskazini-magharibi mwa Wales ninakoishi, si Cardiff, mji mkuu wa Wales: sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa karibu watu wawili kati ya kila watatu huku wanazungumza Kiwelisi, na shule za msingi hufundisha zaidi kwa lugha hiyo, kiasi kwamba mzazi asiyeijua hupata shida kumsaidia mtoto kazi za nyumbani.

Sarufi haikunitisha. Jina lenyewe la nchi, Cymru, hugeuka kuwa Gymru au Nghymru kutegemea neno linalolitangulia, jambo linalowasumbua Waingereza wengi, lakini sisi tuliozoea ulimi kuwa ndimi hatulishangai sana. Kigumu ni adabu ya wenyeji. Ukikwama kidogo tu dukani, wanahamia Kiingereza ili wasikuaibishe, na somo linaishia hapo.

Adabu hiyo ninaijua, maana ndiyo niliyolelewa nayo. Mwalimu au muuguzi kutoka Tabora akipangiwa kazi Marangu au Kibosho, sisi Wachaga tunamgeukia kwa Kiswahili papo hapo; anahudhuria misiba, anakunywa mbege, anafika hata kustaafu, na bado mazungumzo ya wazee kihambani yanampita. Tunajitetea kwamba Kichaga kina lahaja nyingi, Kirombo si Kimachame, hivyo mgeni aanze na ipi? Hicho ni kisingizio: aanze na ya hapo anapoishi.

Sisemi tuwaige Wawelisi katika yote. Lugha yao ilipata hadhi rasmi kwa sheria ya mwaka 2011, ina televisheni yake, S4C, tangu 1982, na serikali yao inalenga kufikisha wazungumzaji milioni moja ifikapo 2050. Kwetu Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kuishi pamoja bila kuulizana makabila, na nisingependa shule za Kilimanjaro zikiache. Ninaloomba halihitaji sheria wala bajeti: iwe ni nje ya kanisa baada ya ibada au sokoni Mwika, mgeni anayejaribu kusalimia kwa Kichaga ajibiwe kwa Kichaga, tena polepole, na akikosea tusimcheke kwa kile kicheko chetu kinachosikika hadi ng'ambo ya mto.